Gandhi, kijana aliyepita Unguja na ahadi ya kutokula nyama

Makala hii tunaiandikia Mtoni, kaskazini kidogo ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Wengi wenu mnapajua kwa magofu ya kasri la Seyyid Said bin Sultan, ambamo alizaliwa binti yake, Sayyida Salme, mwaka 1844. Kasri limebaki kuta, lakini bahari ni ileile. Ukisimama ufukweni unaziona meli zikiingia bandarini na nyengine zikitoka.

Mwezi Mei mwaka 1893, masika yakiwa bado hayajesha, meli moja kutoka Bombay ilitia nanga katika bandari hii. Ilikuwa imeshapita Lamu na Mombasa. Ndani yake alikuwamo wakili kijana wa miaka 23, mwembamba, mwenye haya nyingi, anayekwenda Afrika Kusini kufanya kazi ya mwaka mmoja. Jina lake Mohandas Karamchand Gandhi. Wakati huo hakuna aliyemwita Mahatma, na nje ya ukoo wake hakuna aliyemjua.

Kijana huyo alikaa Unguja siku nane hadi kumi akisubiri meli nyengine. Alipanga vyumba mjini, akatembea, akatazama. Miti mikubwa ya kisiwa hiki ilimshangaza, na ukubwa wa matunda yetu ukamshangaza zaidi. Matunda yalikuwa na maana kubwa kwake, maana Gandhi hakuwa akila nyama, kuku, samaki wala mayai.

Wengi wetu tunamjua Gandhi kama mtu aliyeongoza Wahindi kudai uhuru bila silaha. Leo tunataka kueleza jambo dogo zaidi, nalo ni chakula chake. Namna alivyoacha nyama, na namna uamuzi huo ulivyomgharimu yeye na watu wa nyumbani kwake, inatufundisha tofauti kati ya kushika ada, kutimiza ahadi na kuamua mwenyewe.

Nyumba isiyoingia nyama

Gandhi alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1869 katika mji wa Porbandar, pwani ya Kathiawar, magharibi ya India. Pwani hiyo si ngeni kwetu. Kwa karne nyingi majahazi yalikuja na upepo wa kaskazi kutoka Kutch, Kathiawar na bandari nyengine za Gujarat, yakaleta nguo na kurudi na pembe, karafuu na bidhaa nyengine. Wafanyabiashara wa huko walikaa Unguja na Mombasa, Waislamu na Wahindu. Wale Wahindu ndio wazee wetu waliowaita Mabaniani, na watu waliwajua kwa kutokula nyama.

Baba yake Gandhi, Karamchand, alikuwa waziri mkuu wa mtawala wa Porbandar, baadaye akawa Rajkot. Mama yake, Putlibai, alikuwa mcha Mungu sana. Alifunga mara nyingi. Kuna masika mmoja alijiwekea nadhiri kwamba hatakula mpaka alione jua. Kwa kuwa mawingu yalikuwa mengi, watoto walikuwa wakikaa nje kutazama juu, na jua likichomoza kidogo wanakimbia kumwita. Akitoka tu, jua limeshajificha. Hakununa. Alirudi kwenye kazi zake akiamini kwamba siku hiyo Mungu hakutaka ale.

Katika nyumba kama hiyo hakuna mtoto aliyeamua kutokula nyama. Haikuletwa, haikupikwa, haikuzungumzwa. Ilikuwa ada ya ukoo, kama zilivyo ada za chakula katika kila kabila na kila dini. Mtu aliyelelewa ndani ya ada hajui kama angeichagua mwenyewe, mpaka siku atakapokutana na njia nyengine.

Mbuzi wa kando ya mto

Gandhi alikutana na njia nyengine akiwa kijana wa shule huko Rajkot. Alikuwa na rafiki mwenye nguvu, hodari wa kukimbia na kuruka. Gandhi alikuwa dhaifu, akiogopa giza, wezi na nyoka. Rafiki huyo alimwambia kwamba nguvu zake zinatokana na nyama. Akaongeza hoja iliyokuwa midomoni mwa vijana wengi wa wakati huo: kwamba Waingereza wachache wanawatawala Wahindi wengi kwa sababu wao wanakula nyama. Kwa hiyo, ukitaka nchi iwe huru, kula nyama.

Hoja hiyo ilimwingia. Wakatafuta mahali pa faragha kando ya mto, wakala nyama ya mbuzi na mkate wa dukani. Nyama ilikuwa ngumu kama ngozi. Gandhi alichafukwa na moyo, akashindwa kumaliza. Usiku ule kila alipopata lepe la usingizi alihisi mbuzi mzima analia tumboni mwake.

Lakini hakuacha. Rafiki yake alikuwa akitafuta mpishi na mahali pazuri penye meza na viti, na Gandhi akaizoea nyama hadi akaipenda. Mambo hayo yaliendelea kama mwaka mmoja, ingawa karamu zenyewe hazikuzidi sita.

Kilichomrudisha nyuma hakikuwa nyama, bali uongo. Kila alipokula huko, usiku alikuwa hana njaa, na mama yake akimuuliza kwa nini hali. Ilimbidi abuni sababu. Akaona kumdanganya mama ni kubaya kuliko kukosa nyama. Basi akaamua kuacha kwa muda: wazazi wakiwa hai hatakula, na wakishafariki atakula waziwazi.

Hapo tuseme wazi, kwa sababu watu wengi hudhani Gandhi alizaliwa akiwa na msimamo. Sivyo. Katika umri huo aliamini kwamba nyama ni nzuri na kwamba Wahindi wote wangepaswa kuila. Aliiacha kwa ajili ya wazazi tu.

Ahadi kwa mama

Baba yake alifariki mwaka 1885. Miaka mitatu baadaye ukoo uliamua kumpeleka London akasomee sheria. Mama aliogopa. Alikuwa amesikia kwamba vijana wakifika Ulaya wanapotea, na kwamba huko mtu hawezi kuishi bila nyama na pombe. Mtawa mmoja wa dini ya Kijaini, Becharji Swami, aliyekuwa mshauri wa familia, akatoa njia. Gandhi aliapa mbele yake mambo matatu: hatagusa pombe, hatagusa mwanamke, hatagusa nyama. Ndipo mama aliporidhia. Mwezi Septemba mwaka 1888 kijana akapanda meli, akimwacha mkewe Kasturba na mtoto mchanga.

Waswahili tunasema ahadi ni deni, na Gandhi alianza kulipa deni lake akiwa bado melini. Alikula matunda na vitu vitamu alivyobeba kutoka nyumbani. Abiria wenzake walimwambia kwamba kadiri baridi inavyoongezeka atalazimika kula nyama au atakufa. Joto likaisha, baridi ikaja, naye hakufa.

London ilikuwa ngumu zaidi. Kwanza alikaa kwa rafiki. Asubuhi alipewa uji wa shayiri, nao ulimshibisha. Mchana na usiku alipewa majani ya spinachi, mkate na jemu. Alikuwa na njaa ya kijana anayekua, lakini aliona haya kuomba zaidi ya vipande viwili vitatu vya mkate. Rafiki yake huyo alikasirika kumwona akijinyima kwa sababu ya kiapo alichokula mbele ya mama asiyejua mambo ya Ulaya. Akamsomea hata kitabu cha mwanafalsafa Bentham ili ambadilishe mawazo. Gandhi alimjibu kwamba hoja hizo ni nzito kuliko akili yake, na kwamba nyama huenda ni lazima, lakini kiapo ni kiapo.

Baadaye alihamia nyumba ya mama mjane. Mabinti wa mama huyo walimwongezea kipande kimoja au viwili vya mkate, lakini mkate mzima ndio ungemtosha. Ikabidi awe anatembea maili kumi au kumi na mbili kwa siku, akitafuta mkahawa unaouza chakula kisicho na nyama. Mara nyingi alirudi amekula mkate mkavu.

Kitabu cha shilingi moja

Siku moja akaukuta. Ulikuwa mkahawa katika mtaa wa Farringdon, ukiuza chakula cha mboga tu. Kabla hajaingia aliona vitabu vinauzwa, vimepangwa nyuma ya kioo karibu na mlango. Akanunua kimoja kwa shilingi moja. Kilikuwa kimeandikwa na Mwingereza, Henry Salt, kutetea ulaji wa mboga. Akaingia, akala, akashiba kwa mara ya kwanza tangu kufika Uingereza.

Kitabu hicho alikisoma chote. Salt alieleza kwamba binadamu anaweza kuishi vizuri bila kuchinja, na kwamba kumhurumia mnyama ni sehemu ya utu. Gandhi akajikuta anakubali. Tangu siku hiyo hakuacha nyama kwa sababu mama amesema, bali kwa sababu yeye mwenyewe ameamua. Ile nia yake ya zamani, ya kula nyama waziwazi siku moja, ikafutika.

Uamuzi huo ulimfungulia milango asiyoitarajia. Alijiunga na chama cha wala mboga cha London, akawekwa katika kamati yake ya utendaji. Alianzisha klabu ndogo ya wala mboga katika mtaa aliokuwa akiishi wa Bayswater. Aliandika makala za kwanza za maisha yake katika gazeti la wala mboga. Alikuwa mtu wa haya kiasi kwamba akisimama kuhutubia sauti inakwama, lakini hapo ndipo alipojifunza kuendesha mikutano, kuandika na kutetea jambo. Kazi hizo baadaye alizifanya kwa ajili ya taifa zima.

Kulikuwa na suala la mayai pia. Wala mboga wa London walikuwa na maelezo tofauti: wengine walisema nyama ni ya ndege na wanyama tu, wengine waliongeza samaki, wengine waliongeza mayai. Gandhi alikuwa ameshaanza kula mayai. Halafu akajiuliza mama yake alikuwa na maana gani alipomwapisha. Akaona kwamba kwa mama yake, mayai nayo ni nyama. Akayaacha. Alisema kiapo hufuatwa kwa maana aliyoifahamu mwenye kupewa kiapo.

Mwezi Juni mwaka 1891 akapata uwakili na kurudi nyumbani. Meli ilipofika Bombay, kaka yake alimpa habari aliyokuwa ameificha: mama yao ameshafariki, wakati Gandhi yuko London. Mtu aliyemwapisha hayuko tena. Kama angelikuwa anashika ahadi tu, deni lilikuwa limekwisha. Lakini wakati huo hakuwa tena anashika ahadi tu.

Siku zake hapa Unguja

Sasa turudi kwenye ile meli ya mwaka 1893. Gandhi aliajiriwa na kampuni ya Waislamu wa Porbandar, Dada Abdulla na Wenzake, kusaidia kesi kubwa huko Afrika Kusini. Malipo yalikuwa pauni 105, pamoja na nauli ya daraja la kwanza. Meli ilikuwa imejaa, na ofisa mkuu wa meli akampa nafasi katika chumba chake mwenyewe. Gandhi na nahodha wakawa marafiki, wakicheza sataranji.

Walipofika Unguja nahodha alimwalika matembezini pamoja na Mwingereza mmoja. Gandhi hakujua wanakwenda wapi. Dalali akawapeleka kwenye nyumba ya wanawake wa kuuza miili, na kila mmoja akaoneshwa chumba. Gandhi alisimama pale bubu kwa aibu, akatoka kama alivyoingia. Hakujisifu kwa hilo. Kinyume chake, alijilaumu kwa kukosa ujasiri wa kukataa mlangoni.

Kwa hiyo sharti la pili la ile ahadi ya mama lilijaribiwa hapa kwetu. Sharti la chakula nalo alilishika katika mji ambao samaki ndio kitoweo cha kila siku. Kisha akapanda meli nyengine, akapita Msumbiji na kufika Durban mwishoni mwa Mei. Kazi ya mwaka mmoja ikageuka kukaa miaka 21.

Mtoto kitandani

Mpaka hapa, aliyekuwa akilala njaa ni Gandhi mwenyewe. Swali gumu lilikuja pale waliokuwa hatarini walipokuwa wengine.

Mwaka 1902, familia ikiwa Bombay kwa muda, mtoto wake wa pili, Manilal, mwenye umri wa miaka kumi, aliugua homa ya matumbo pamoja na nimonia. Daktari, ambaye alikuwa Mparsi, alisema dawa hazitasaidia sana, na kwamba mtoto apewe mayai na supu ya kuku. Gandhi alikataa. Alimweleza mtoto ushauri wa daktari, na mtoto akasema hataki. Gandhi akamtibu kwa maji: kumkalisha ndani ya beseni la maji, kumfunika kwa shuka iliyoloweshwa, na kumpa maji ya machungwa kwa siku tatu.

Homa haikushuka. Mtoto alianza kuweweseka usiku. Gandhi alijiuliza watu watasema nini, kaka yake atafikiri nini, na kama mzazi ana haki ya kumfanyia mtoto majaribio. Usiku mmoja alimfunga mtoto kwa shuka mbichi na mablanketi, akamwachia mama yake, akatoka kwenda ufukweni akiomba Mungu. Aliporudi, moyo ukimwenda mbio, jasho lilikuwa linamtoka mtoto na homa inashuka. Manilal alipona baada ya siku nyingi za maziwa yaliyochanganywa na maji na juisi za matunda, na akaishi hadi uzeeni.

Gandhi mwenyewe alikiri kwamba hakuna awezaye kusema kilichomponya mtoto ni maji, chakula, uangalizi au rehema ya Mungu. Na sisi tunaongeza neno: wakati ule dawa ya kuua vijidudu vya homa ya matumbo haikuwapo. Leo ipo. Mtoto wako akipata homa kali, mpeleke kituo cha afya, na chakula kiwe msaada wa dawa, sio badala yake.

Mara nyengine aliyeugua alikuwa Kasturba, huko Durban. Alipasuliwa akiwa dhaifu sana, na daktari akataka kumpa supu ya nyama ya ng'ombe. Gandhi alisema mgonjwa mwenyewe aulizwe. Daktari akasema hataendelea kumtibu asipoachiwa uhuru wa kumpa atakacho. Gandhi alimweleza mkewe hali yote, na Kasturba akajibu kwamba afadhali afe mikononi mwa mumewe kuliko kula kitu hicho. Wakamtoa na kumsafirisha hadi shamba lao la Phoenix, akiwa mifupa mitupu, amebebwa kwa machela. Alipona taratibu.

Watu wamegawanyika juu ya visa hivi hadi leo. Wapo wanaoona imani kubwa, na wapo wanaoona mume na baba aliyehatarisha wenzake. Sisi tunaona jambo la kuangalia: angalau aliuliza. Hata hivyo jibu la mtoto wa miaka kumi mbele ya baba yake si sawa na jibu la mtu mzima. Anayeamua kubadilisha chakula chake na akumbuke kwamba sufuria ya nyumbani inapikiwa wengi.

Shamba la dini zote

Mwaka 1910 rafiki yake Hermann Kallenbach, msanifu majengo, alitoa shamba la ekari 1,100 karibu na Johannesburg ili likaliwe na familia za Wahindi waliofungwa jela kwa kupinga sheria za ubaguzi. Wakaliita Shamba la Tolstoy. Waliishi humo Wahindu, Waislamu, Wakristo na Waparsi.

Swali la jiko likaja mara moja. Gandhi alijua kwamba Waislamu na Wakristo walikuwa na haki ya kula nyama, na alikuwa tayari wapikiwe wakiitaka. Alizungumza na kina mama, na wao wenyewe wakaridhia jiko liwe moja lisilo na nyama. Hakuna aliyelazimishwa.

Ulipofika mwezi wa Ramadhani, Gandhi aliwahimiza vijana wa Kiislamu wafunge. Akawaomba wenzao wa dini nyengine wafunge pamoja nao kwa kadiri yao, na wasaidie kuwaandalia futari. Shamba zima likawa linakula jua likizama.

Msimamo huo aliushika hadi mwisho. Yeye alimheshimu ng'ombe kama Mhindu, lakini alipinga kumlazimisha Muislamu kwa nguvu au kwa sheria asichinje. Mwaka 1947, India ilipopata uhuru na watu wengi wakimtaka aunge mkono sheria ya kukataza kuchinja ng'ombe, alikataa kuwashurutisha wasio Wahindu. Kwa maoni yake, kuacha nyama kuna thamani pale tu mtu anapoacha kwa moyo wake.

Mbuzi anarudi

Mwaka 1912, akiwa katika shamba hilo, Gandhi aliacha hata maziwa. Alichukizwa na mateso ya ng'ombe wanaokamuliwa kikatili mijini, na aliamini maziwa yanachochea matamanio. Akala matunda, karanga na mafuta ya zeituni.

Mwaka 1918, akiwa amerudi India, alipatwa na kuhara damu. Alikonda hadi akaamini anakufa. Daktari alimwambia hawezi kuujenga mwili wake bila maziwa. Gandhi akasema ameapa. Kasturba, aliyekuwa amesimama kando, akauliza: kama kiapo kilikuwa juu ya ng'ombe na nyati, maziwa ya mbuzi yana ubaya gani? Daktari akalidaka neno hilo. Gandhi akakubali, akanywa, akapata nguvu.

Angeliweza kujivunia ujanja huo. Badala yake aliukiri kuwa doa. Alisema alipoapa alikuwa na maana ya maziwa yote, na kwamba ameshika maneno ya kiapo na kuvunja roho yake, kwa sababu alitaka kuishi. Aliendelea kunywa maziwa ya mbuzi maisha yake yote, na hakuacha kusema kwamba yanamsumbua. Yule mbuzi aliyelia tumboni mwa kijana wa Rajkot ndiye aliyemlisha mzee.

Kisa hicho kina elimu ya mwili pia. Kuna vitamini inayoitwa B12, inayohitajika kwa damu na mishipa ya fahamu. Mimea haitupatii ya kutosha. Inapatikana katika nyama, samaki, mayai na maziwa. Wanasayansi waliweza kuitenga mwaka 1948, mwaka uleule ambao Gandhi aliuawa kwa risasi mjini Delhi, tarehe 30 Januari. Hatusemi ugonjwa wake wa mwaka 1918 ulitokana na upungufu huo. Tunasema kwamba anayeacha nyama na samaki hapaswi kuacha pia maziwa na mayai bila kupata vitamini hiyo kwa njia nyengine.

Kama unafikiria kujaribu

Mwaka 1931 Gandhi alirudi London kwa mazungumzo ya uhuru. Alipata nafasi ya kuzungumza na wala mboga wa mji ule, na mzee Henry Salt alikuwapo ukumbini. Gandhi aliwaambia jambo walilohitaji kusikia: wanaoacha nyama kwa ajili ya afya tu hurudi haraka, kwa sababu siku wakiugua hukosa sababu ya kuendelea. Anayedumu ni mwenye sababu ya ndani.

Huku kwetu mashamba yana kunde, choroko, mbaazi, maharage, njugu mawe na karanga. Tunazo nazi, mchicha, kisamvu, maboga na mashelisheli. Watu wengi vijijini hula hivyo siku nyingi za wiki, si kwa kuamua bali kwa sababu samaki au nyama ni ghali. Mchanganyiko wa wali au muhogo na kunde za nazi na majani ni chakula kizuri. Anayetaka kuacha nyama kabisa anaweza kuanzia hapo, akaongeza mayai au maziwa. Mama mjamzito, anayenyonyesha na mtoto mdogo wazungumze kwanza na mhudumu wa afya.

Na asiyetaka kuacha hana kosa. Gandhi alikula meza moja na wenye chakula tofauti maisha yake yote. Alipopita hapa mwaka 1893 alikuwa kijana wa watu, mbali na kwao, ambaye hakuna angemwona kama angekula samaki. Mama yake alikuwa ameshafariki, na aliendelea kula mboga na matunda.